Umeongeza RAM, Umebadilisha Diski, Sasa Kompyuta Haiwaki: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue jijini Nairobi au katikati ya Kampala ni za mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre, zilizotumika miaka kadhaa kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani. Ni mashine imara. Anayeinunua hakai nayo muda mrefu kabla hajaongeza RAM, kuweka SSD au kutia kadi ya grafiki. Anafunga kasha, anabonyeza kitufe, na mashine iliyokuwa ikifanya kazi nusu saa iliyopita imekuwa bubu.

Hilo la "nusu saa iliyopita" ndilo la kushika. Kompyuta iliyokuwa inawaka kabla hujafungua kasha ni nadra kuwa imekufa. Mara nyingi kifaa kipya hakiendani nayo, au hakijaingia sawasawa, au kuna waya uliolegea wakati mkono unapita. Kwa hiyo usinunue kitu kingine chochote kabla hujamaliza hatua za hapa chini. Watu hununua pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha), kisha mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), kumbe RAM haikuzama hadi mwisho.

Kabla hujagusa kitu

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 15 hadi 30. Hapo unamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita. Mazabodi nyingi zina kitaa kidogo kinachowaka maadamu umeme wa akiba upo. Kisubiri kizimike. Kuchomoa RAM huku kitaa hicho kinawaka ni njia ya haraka ya kuiunguza.

Kwenye laptopu, betri ndiyo ya kwanza kuondolewa. Kama ni ya ndani, fungua kifuniko cha chini na uchomoe plagi yake kwenye mazabodi kabla bisibisi haijagusa kitu kingine. ThinkPad nyingi zina kipengele ndani ya BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) cha kuizima betri ya ndani kabla ya kufungua, kitumie.

Gusa chuma tupu cha kasha mara kwa mara ili umeme tuli wa mwilini utoke, na ufanyie kazi juu ya meza ya mbao, mbali na zulia. Nairobi au Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, umeme tuli ni mkali kuliko Mombasa au Zanzibar. Pwani tatizo ni jingine: unyevu na chumvi hufanya miguu ya shaba ya RAM na kadi kupata kutu.

Weka karibu bisibisi ya nyota, mita ya kupimia umeme, kifutio cheupe cha penseli, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kitambaa kisichoacha nyuzi na betri mpya ya CR2032 (betri bapa ya mazabodi inayotunza saa na mipangilio). Piga picha ya ndani kwa simu kabla hujachomoa chochote. Picha hiyo utaihitaji.

Inafia wapi?

"Haiwaki" ni neno moja lenye matatizo matatu ndani yake, na kila moja lina njia yake. La kwanza: unabonyeza kitufe na hakuna feni, hakuna taa, au feni inajitikisa mara moja na kunyamaza. Hapo tafuta kwenye umeme. La pili: feni zinazunguka na taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi. Hapo washukiwa ni RAM, kadi ya grafiki, prosesa au BIOS. La tatu: nembo ya Dell au HP inaonekana, kisha unapata ujumbe kuwa hakuna diski, au skrini ya bluu. Vifaa viko sawa, tatizo ni diski na mipangilio.

Jiulize swali hilo kwanza, kwa sababu mtu mwenye skrini ya bluu hana haja ya kupima pawa saplai, na asiyeona hata feni ikizunguka hana haja ya kuweka Windows upya.

Rudisha kila kitu kilivyokuwa

Ondoa kifaa kipya, rudisha cha zamani mahali pake palepale, washa.

Ikiwaka, umeshajua: kifaa kipya ni kibovu, hakiendani, au hukukiweka vizuri. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu yake. Isipowaka hata na kifaa cha zamani, kuna kilichovurugika wakati wa kazi: plagi iliyolegea, skrubu iliyodondoka, RAM iliyosogea, au kitu kilichopigwa na umeme tuli.

Kama ulibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, rudisha vyote vitatu, kisha weka kimoja, washa, weka cha pili, washa. Inachosha, lakini ukiweka vyote pamoja huwezi kujua kipi kimegoma.

Haiwaki kabisa: fuata umeme kutoka ukutani

Anza na soketi yenyewe. Chomeka chaja ya simu uone kama umeme upo. Angalia swichi ya nyuma ya pawa saplai iwe upande wa alama ya I. Kama pawa saplai ni ya zamani au imetoka Marekani, inaweza kuwa na swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wa kwetu ni volti 230 hadi 240, kwa hiyo swichi lazima iwe kwenye 230. Ikiwa kwenye 115 na ukawasha, utasikia mlio kama wa fataki, na hiyo pawa saplai haina tena la kufanya.

Ndani ya kasha, bonyeza plagi kubwa ya mazabodi (pini 24 kwenye kompyuta za kuunganisha mwenyewe) hadi kidole chake cha plastiki kishike. Kisha tafuta plagi ya prosesa, yenye pini 4 au 8, karibu na prosesa yenyewe, mara nyingi kwenye kona ya juu kushoto. Hii husahauliwa kuliko zote, hasa na aliyeitoa ili apate nafasi ya kufungua feni. Bila hiyo, mashine nyingi huzungusha feni bila kutoa picha, nyingine haziwaki kabisa.

Usiichanganye na plagi ya kadi ya grafiki, ambayo nayo ina pini 8. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi hugawanyika 6 na 2, na mpangilio wa volti umegeuzwa. Ukiona plagi inakataa kuingia, usiilazimishe.

Pawa saplai za waya za kuchomoa zina jambo la kulichukulia kwa uzito: usitumie waya za pawa saplai moja kwenye nyingine, hata kama plagi zinaingia. Kwa pawa saplai hizi upande wa mazabodi una mpangilio mmoja, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana wake. Waya wa diski uliobaki kutoka pawa saplai ya zamani unaweza kupeleka volti 12 palipotakiwa 5, na diski yenye kazi za miaka yote ikaungua kwa sekunde moja.

Kama ulitoa mazabodi, chunguza nguzo ndogo za shaba zilizo chini yake. Nguzo iliyobaki mahali pasipo na tundu la skrubu hugusa njia za umeme nyuma ya ubao, na pawa saplai hujizima yenyewe kujilinda. Dalili yake ndiyo ile ya feni kujitikisa na kunyamaza. Tikisa kasha taratibu usikilize kama kuna skrubu inayobingirika.

Nyaya za kitufe cha mbele nazo huchomoka kirahisi. Tafuta pini mbili zilizoandikwa PWR_SW au PWRBTN, uziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, kitufe au waya wake ndio wenye shida.

Kupima pawa saplai ya kawaida ya pini 24: ichomoe kutoka kwenye mazabodi na vifaa vyote, iachie feni moja tu. Unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha washa. Feni ikizunguka, pima kwa mita. Manjano na nyeusi isome volti kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau isome karibu 5 wakati wote, hata kabla ya kuunganisha waya wa kijani. Kama nyaya zote ni nyeusi, usikisie, tumia kipima pawa saplai cha kuchomeka.

Lakini njia hii si ya OptiPlex wala ya EliteDesk nyingi. Dell aina ya 3020, 7020 na 9020 zina plagi ya pini 8, na HP nyingi za ofisi zina ya pini 6, kwa mpangilio wao wenyewe. Dell wameweka kitufe kidogo cha kujipima nyuma ya pawa saplai, pembeni ya tundu la waya. Ukiwa umechomeka umeme, kibonyeze. Kitaa cha kijani kikiwaka, pawa saplai ni nzima, hamia kwingine. Kisipowaka, chomoa plagi zake zote kwenye mazabodi na diski, kisha ubonyeze tena. Kikiwaka sasa, kuna kifaa kinacholeta shoti, na ukirudisha plagi moja moja utakifikia.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi: soma stika ya RAM

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na jibu mara nyingi limechapwa kwenye stika ya RAM yenyewe. Chukua kipande ulichonunua ukiangalie kwenye mwanga. Utaona mstari kama huu:

4GB 1Rx8 PC3L-12800S-11-13-B4

PC3 maana yake DDR3, yaani RAM ya kizazi cha tatu. Kama ni DDR4 utaona PC4. Vidato vya chini havilingani, kwa hiyo DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4 bila kuvunja kitu. Herufi L baada ya PC3 ni volti: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia 1.35. Laptopu za Intel za kizazi cha 4 na cha 5 zinataka yenye L. Ukiweka ya zamani isiyo na L, taa ya kitufe itawaka na skrini itabaki nyeusi, wala hakuna kilichoharibika. Kinyume chake hakina shida kwa kawaida, kwa kuwa DDR3L hukubali pia volti 1.5.

Herufi baada ya 12800 ndiyo inayowaumiza wenye kompyuta za mezani. S ni ya laptopu. U ni ya mezani. R ni ya seva, na haifanyi kazi kwenye OptiPlex wala EliteDesk hata ungeisafisha mara kumi. E ni ya seva ndogo na mashine za kazi nzito, usiitegemee. RAM ya R ni rahisi bei kwa sababu seva hung'olewa kwa wingi, nayo huingia kwenye sloti kama kawaida, ndiyo maana huuzwa kwa asiyejua. Kwenye DDR4 herufi imehamia mbele kidogo: PC4-2400T-UA2 ni ya mezani, PC4-2133P-RA0 ni ya seva. Stika ikiwa imebanduka, hesabu chipu nyeusi za upande mmoja. Ya kawaida ina 4 au 8. Ukikuta 9, pamoja na chipu nyingine ya peke yake katikati, hiyo imetoka kwenye seva.

Kuna mtego mwingine kwenye DDR3 ya GB 8: zipo zinazouzwa bei ya chini sana zikiwa zimeandikwa kuwa ni za AMD. Chipu zake zimepangwa kwa mtindo wa x4, na prosesa za Intel hazizisomi. Angalia pia kikomo cha mashine yako. Intel ya kizazi cha 4 haipokei zaidi ya GB 8 kwa sloti moja, kwa hiyo OptiPlex 3020 yenye sloti mbili hukomea GB 16.

Stika ikiwa sawa, fanya hivi:

1. Toa RAM zote. Sugua miguu yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe, pande zote mbili, kisha ipanguse kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo. Isiguswe tena kwa vidole.
2. Puliza vumbi kwenye sloti kwa blowa. Usitumie mdomo, mate hufika.
3. Weka kipande kimoja tu, cha zamani, kwenye sloti ya kwanza. Mchoro wa sloti upo mara nyingi ndani ya kifuniko cha kasha. Kwenye mazabodi za kuunganisha mwenyewe zenye sloti nne, kipande kimoja hukaa ya pili kutoka kwenye prosesa, viwili hukaa ya pili na ya nne.
4. Bonyeza kwa vidole gumba viwili, kila upande, hadi usikie mlio wa kidato. Kwenye laptopu, ingiza kwa mshazari, kisha laza chini hadi vibanio vishike pande zote. Miguu ya dhahabu ikionekana zaidi upande mmoja, bado haijaingia.
5. Washa. Ikikubali, zima, jaribu kipande kipya peke yake kwenye sloti ileile. Kisha viweke pamoja.

Kipande kipya kikifanya kazi peke yake lakini vikagoma pamoja, vipande vyenyewe ni vizima, havipatani tu. Badilisha upate viwili vya aina na kasi moja.

Kwa mashine mpya za DDR5, hasa za AMD zenye soketi ya AM5, jipe subira. Baada ya kubadilisha RAM, mashine hujifunza kuisoma upya, na skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa, mara nyingine hadi 10 au 15. Wengi huzima katikati na kuanza upya bila mwisho.

Sikiliza milio, hesabu taa

Mashine za ofisi hazikai kimya kabisa, zinakueleza shida yake kwa kitufe cha kuwashia. Dell nyingi za miaka ya karibuni hupepesa taa ya chungwa kwa makundi mawili: 2 kisha 3 ni kuwa hakuna RAM iliyoonekana, 2 kisha 4 ni RAM yenye hitilafu, 2 kisha 5 ni RAM isiyofaa, 2 kisha 1 ni prosesa, 3 kisha 1 ni betri ya CMOS (ile CR2032). HP za karibuni hupepesa nyekundu kisha nyeupe: nyekundu 3 na nyeupe 2 ni RAM, 3 na 3 ni grafiki, 3 na 5 ni prosesa haijaonekana. HP Compaq za zamani hupiga milio: 5 ni RAM, 6 ni grafiki. Rekodi video kwa simu, uhesabu ukiwa umetulia.

Kadi ya grafiki

Kosa rahisi kuliko yote: waya wa skrini bado umechomekwa kwenye tundu la mazabodi. Ukiweka kadi, mashine nyingi huzima picha ya ndani. Chomeka kwenye kadi.

Linalofuata ni umeme. Sloti yenyewe hutoa hadi wati 75. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, ile nyembamba ina 255, na hakuna waya wa ziada wa kadi. Kwa hiyo humo inakaa kadi isiyo na plagi: GT 1030, RX 550, GTX 1050 Ti, au GTX 1650 isiyo na plagi (zipo zenye plagi, angalia kabla ya kulipa). GTX 1660 Super au RX 580 si za mashine hiyo.

Ndiyo maana zinauzwa adapta za kugeuza waya wa diski wa SATA uwe wa kadi. Usiziweke. Plagi ya SATA imekadiriwa ampea 4.5 kwenye volti 12, sawa na wati 54, wakati plagi ya pini 6 ya kadi inaweza kuvuta 75 na ya pini 8 ikavuta 150. Plastiki huyeyuka na nyumba inaweza kuungua. Ukinunua pawa saplai nyingine, usisome namba kubwa ya mbele. Soma mstari wa 12V kwenye stika na uzidishe: ampea 14 mara 12 ni wati 168 tu, hata kama juu wameandika 500W.

Kadi za zamani zilizotoka kabla ya UEFI (BIOS ya kisasa) kuenea haziwezi kuonesha picha kwenye mashine iliyowekwa UEFI tupu yenye Secure Boot. Toa kadi, ingia BIOS kwa picha ya ndani, zima Secure Boot, ruhusu Legacy (mtindo wa zamani wa BIOS) kama ipo, kisha irudishe.

Prosesa mpya

Kuingia kwenye soketi si kukubalika. Prosesa za Intel za kizazi cha 8 zinakaa kwenye soketi ileile ya LGA1151 ya kizazi cha 6 na 7, lakini i5-8500 haitawaka kwenye OptiPlex 7050. Kwa AMD, Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi ya B450 inahitaji BIOS mpya, na BIOS husasishwa prosesa ya zamani ikiwa bado ipo. Kama umeshaiuza, tafuta mazabodi yenye kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa, flashi iwe imefomatiwa FAT32 na faili lipewe jina lililotajwa kwenye kitabu chake.

Kumbuka pia kuwa Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, na Ryzen 5 3600 au 5600, hazina grafiki ya ndani. Bila kadi hutaona picha hata mashine ikiwa nzima.

Toa feni na prosesa uangalie soketi kwa tochi ya simu, kwa pembe. Pini za Intel zinang'aa kwa mistari iliyonyooka, na moja ikipinda utaiona kama nywele iliyosimama peke yake. Inaweza kunyooshwa kwa sindano, polepole, lakini kama mkono unatetemeka mpe fundi.

Mashine ikiwaka na kuzima baada ya sekunde chache au dakika moja, shuku joto. Pesti ya kupitisha joto iwe kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa, na skrubu zikazwe kwa kupokezana kona kwa kona. Hakikisha umebandua plastiki ya chini ya hitisinki (chuma cha kupozea prosesa) mpya, na feni imechomekwa CPU_FAN.

Kufuta mipangilio ya BIOS, na gharama yake

Chomoa umeme, toa betri ya CR2032, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, subiri dakika 5, rudisha. Betri ikisoma chini ya volti 2.7, weka mpya. Hatua hii huamsha mashine iliyogoma baada ya kubadilisha RAM au kuwasha XMP (mpangilio wa kuikimbiza RAM kwa kasi zaidi).

Ila mipangilio ikirudi ya kiwandani, saa hupotea, na muhimu zaidi, namna ya kusoma diski inaweza kubadilika. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye namna iitwayo RAID On. Kama Windows yako iliwekwa kwenye namna nyingine, AHCI, baada ya kufuta utapata skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Watu hudhani SSD imekufa. Ingia BIOS kwa F2, tafuta SATA Operation, rudisha AHCI.

Picha ipo, Windows haiingii

Kwanza ingia BIOS (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo nyingi) uone kama diski imeorodheshwa. Haipo? Badilisha waya wa SATA na tundu lake. Kama umeweka SSD ya M.2 (kijiti chembamba kinacholala kwenye mazabodi), kumbuka kuna za SATA na za NVMe zenye kasi zaidi, na sloti nyingine hupokea aina moja tu. Kwenye baadhi ya mazabodi, ukijaza M.2, matundu mawili ya SATA hunyamaza. Mashine nyingi za kizazi cha 4 kama EliteDesk 800 G1 zinaweza kuiona NVMe ya kwenye adapta ndani ya Windows, lakini BIOS yake haiwezi kuanzia hapo. Ziwekee SSD ya SATA ya inchi 2.5.

Diski ipo lakini haianzi? Angalia Legacy au UEFI. Windows iliyowekwa kwa Legacy (kwenye diski yenye mpangilio wa MBR) haianzi kwenye UEFI tupu. Rudisha mpangilio wa awali, au igeuze kwa zana ya mbr2gpt iliyomo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703, baada ya kuhifadhi nakala ya kazi zako.

Kama ulinakili diski ya zamani kwenda SSD, mara ya kwanza washa SSD ikiwa peke yake. Zikiwa zote mbili zina utambulisho mmoja, Windows huchanganyikiwa. Ikigoma, huenda ulinakili C peke yake ukaacha kipande kidogo cha kuanzishia. Washa kwa flashi ya Windows, bonyeza Shift na F10 dirisha la amri lifunguke, andika diskpart, kisha list vol. Tafuta kipande cha FAT32 cha takriban MB 100, kichague kwa select vol na namba yake, kipe herufi kwa assign letter=S, toka kwa exit. Kisha:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Hakikisha kwanza kwa dir C:\ kuwa Windows iko kwenye C, kwa kuwa herufi hubadilika ukiwa kwenye flashi. Kama kipande hicho cha FAT32 hakipo kabisa, nakili upya, safari hii diski nzima.

Ukiona skrini ya BitLocker (kufuli la diski la Windows) ikidai namba ya tarakimu 48, usifute diski. Kubadilisha mazabodi au kusasisha BIOS huileta. Namba hiyo kwa kawaida iko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo, au kwa ofisi iliyoitoa.

Bado?

Toa mazabodi nje ya kasha, ilaze juu ya boksi lake la karatasi. Weka prosesa na feni yake, RAM moja, plagi mbili za umeme, skrini kwenye tundu la ndani. Hakuna diski, hakuna kadi, hakuna USB. Ikiwaka hapo, shida ilikuwa ndani ya kasha au kwenye ulivyoviacha pembeni. Isipowaka, na pawa saplai na RAM vimethibitishwa kwenye mashine nyingine, mazabodi au prosesa ndiyo imebaki. Hapo mpelekee fundi, ukiwa na orodha ya ulichobadilisha, video ya taa na vifaa vyako vya zamani.

Ikishawaka, usifunge kasha bado. Weka MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, iache izunguke mara nne bila kosa hata moja, usiku kucha kama RAM ni nyingi. Kosa moja jekundu latosha kuirudisha RAM hiyo dukani kesho yake asubuhi.